Kata Mbili za Mavyaa

Ukifika Msambweni ukauliza habari za Mbeyu mke wa Dzombo, watakuambia kuwa hakuna mama mwenye moyo mweupe kama wake. Watakuambia alimsamehe mkwe aliyemuulia binti, kisha akasimama barazani mbele ya Mudiri akajisingizia kosa ili amkinge. Mbeyu huyo ni mimi. Maneno hayo yananiuma kuliko matusi, maana matusi ningeyajibu. Nani asiyenijua kwa kujibu?

Basi vuta kibao ukae, nikwambie ilivyokuwa, na usinikatize.

Mume wangu alikuwa mgema. Alipanda minazi ishirini na miwili, asubuhi na jioni, na alichokishusha yeye nilikiuza mimi, bandani kwangu kando ya barabara ya Msambweni kwenda Gazi. Usinitazame hivyo. Najua dini imesemaje, na imamu wetu alijua vilevile, na bado ndugu zake wawili walikuwa wateja wangu. Sisi Wadigo tembo lilikuwa kwenye posa, lilikuwa kwenye matanga, na mgeni akiingia uani kabla hajaulizwa habari za safari ameshatiwa mkononi kata ya kifuu iliyojaa. Hatukuliita pombe. Pombe ilikuwa vitu vya wengine.

Na tembo halikuwa moja. Lililogemwa alfajiri ni tamu na jeupe, hata mwanamke aliyejifungua hupewa ili maziwa yashuke. Likilala hadi kesho ndilo kali, linawasha koo na kulegeza magoti. Mtoto wa miaka mitano kwetu anajua tofauti kwa ncha ya ulimi.

Mwaka wa hamsini na mbili malori yalikuwa yamekwisha kuwa mengi, yakibeba mbata na korosho hadi Likoni, watu wamekaa juu ya magunia. Na yalianza kuanguka. Moja liliingia shambani kwa mtu, jingine likaua mbuzi sita na mchungaji wao. Bwana Shauri wa Kwale, Mzungu mkuu wa wilaya, akamwagiza Mudiri wetu, mkubwa wa tarafa, aitishe baraza, wenyeji wenyewe waseme: dereva mwenye safari anywe kiasi gani?

Wa kwanza kusimama alikuwa Mwinga. Huyu alikuwa dresa wa zahanati, kijana wa Kiduruma kutoka huko bara ya Taru, Mkristo, kaptura yake imepigwa pasi hata unaogopa kuigusa. Akasema dereva asiguse hata tone.

"Hata tembo tamu?" Mudiri akamwuliza.

"Hata tamu, bwana. Sisemi kwamba tamu linalevya. Nasema madereva wetu wana adabu. Kila wanaposimama kuna mjomba, kuna shemeji, kuna mavyaa, na kila mmoja ana kata mkononi. Ukimwambia dereva anywe kidogo, atakataaje cha mkubwa wake? Mpeni neno la kukatalia. Aweze kusema: niwie radhi mama, serikali imekataza. Hapo atakuwa hakumvunjia mtu heshima."

Leo nayajua maneno hayo neno kwa neno. Siku ile yalinipanda kichwani. Huyu mtoto anataka kunifungia banda! Nikasimama kule upande wa wanawake, wala sikungoja kuitwa.

"Mudiri, niwie radhi nami. Huyu bwana tembo amelionea wapi? Kwao Taru hata maji ya kunawa wanakopeshana!"

Baraza zima likacheka. Nikiona watu wamecheka mimi sijui kukoma, ndiyo tabia yangu. Nikasema: "Mkwe wangu Iddi ni dereva. Akipita kwangu nimpe nini? Dawa ya minyoo?" Watu wakapigana mabega kwa kicheko, na Mudiri mwenyewe akajifuta macho. "Tembo tamu ni maziwa ya mnazi. Njooni kwa Mbeyu! Wallahi hakuna atakayekuja kwangu akalikosa, na hakuna siku nitakayompa mtu kali nikamwambia tamu."

Niliapa hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Mwinga alibaki amesimama, anatabasamu kwa haya, kisha akaketi. Ikaandikwa kanuni: dereva mwenye safari anywe kata mbili za tembo tamu, zisizidi, na kali ni marufuku. Mwezi mzima watu walikuwa wakinisimamisha njiani kunisifu. Dzombo akanitania: "Angalia, mke wangu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Nikamwambia mgema ni yeye, mimi muuzaji tu.

Sasa nikwambie habari za Iddi. Alikuwa mtu wa Diani, mrefu, mpole, sauti yake huisikii mpaka usogee. Alimwoa Mwanaima wetu, na Mwanaima alikuwa mtoto wa pekee, sikujaliwa mwingine. Ada ya kwetu mkwe hamtazami mavyaa wake usoni, wala hali chakula mbele yake. Akipewa kinywaji na mama wa mkewe, hupokea kwa mikono miwili, anageuka upande, anakimaliza. Haonji. Kuonja ni kama kumwambia mama wa watu: sikuamini. Iddi alikuwa akisimamisha lori bandani kwangu, anapokea kata, anageuka, anakunywa yote, anairudisha tupu. "Ahsante, mama." Kisha ya pili. Ya tatu nilipata kumjaribu nayo, akaitazama miguu yake mpaka mimi mwenyewe nikaona haya nikaiondoa. Kanuni imesema mbili, basi kwa Iddi ni mbili.

Mwanaima alipopata mimba ya kwanza akaja kujifungulia kwangu, kama ilivyo desturi. Akazaa msichana, tukamwita Kadzo, jina la bibi yake wa Diani. Arobaini ilipokwisha, Iddi akaja na lori kumchukua mkewe na mtoto. Lilikuwa limejaa mbata, na juu ya mbata wamekaa wanawake sita wa Diani waliokuja kumpokea mzazi kwa vigelegele.

Dzombo alikuwa na homa siku ya tatu. Asubuhi ile alijikokota akapanda minazi minne tu, akashuka anatetemeka, akanipa tembo tamu nusu ya kibuyu. Wale wanawake wa Diani wakalinywa karibu lote, na ni haki yao, wageni. Iddi alikuwa nje anatia maji kwenye injini. Alipoingia uani nikachungulia kibuyu: limebaki kama kata moja.

Na kwenye kona kulikuwa na kibuyu cha jana, kimejaa, kinatoa povu mdomoni.

Ningefanya nini? Hilo ni swali la kijinga, ningemwambia, "Baba, leo tembo halipo, kunywa maji." Maneno sita! Lakini uani wamekaa wanawake sita wa Diani, na mimi ni Mbeyu, niliyeapa mbele ya Mudiri kwamba kwangu tamu halikosekani. Nikaona watakavyonicheka njia nzima mpaka kwao. Nikamimina la jana juu ya la leo. Nikakoroga kwa kipande cha sukari guru kuua ukali. Nikaonja. Nikajiambia: linapita, na ni kata mbili tu.

Dzombo alikuwa na methali yake ya mgema kutia maji. Mimi sikutia maji. Laiti ningetia maji!

Nikachota kwa kata ya wageni, ile kubwa. Iddi akaipokea kwa mikono miwili, akageuka. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri, maana kwangu asingekula. Niliona mgongo wake tu. Alipomeza funda la kwanza mabega yake yakasimama kidogo, akatulia.  Kisha akamaliza. Nikampa ya pili, na hiyo pia akaipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, mama."

Mwanaima akapanda mbele na mtoto. Mimi nilikuwa nalia, yeye anacheka. "Mama, acha kunitia mkosi na machozi yako. Diani si Unguja, nitakuja Ijumaa." Wale wanawake wakapiga vigelegele, lori likaondoka. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, ya Ijumaa.

Penye mteremko wa kushukia mto Mkurumudzi barabara inapinda. Lori halikupinda. Lilikwenda moja kwa moja likaupiga mkorosho, likalala ubavu upande wa Mwanaima. Wale wa juu walirushwa wakavunjika mikono na mbavu, lakini wakapona. Iddi alipasuka paji la uso. Mwanaima alimkumbatia mtoto kwa mwili wake wote, na walipomtoa Kadzo chini yake hakuwa na hata mkwaruzo. Alikuwa na njaa tu, analia.

Mwinga ndiye aliyefika huko kwanza, kwa baiskeli yake, na ndiye aliyenijia. Kaptura yake ilikuwa na damu ya mwanangu. Akasema alimshika mkono mpaka mwisho, na kwamba hakuteseka sana. Sijui kama ni kweli. Nilimngoja aseme "niliwaambia", nipate kumrukia, nimkwaruze uso. Hakusema. Alinipa mtoto, akakaa nje kwenye mchanga, akalia na yeye.

Dzombo aliinuka kitandani na homa yake. Akaenda pale kwenye kona, akakitazama kibuyu cha jana kilichokuwa kitupu, akanitazama mimi. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka ishirini na mbili. Akarudi kitandani, hakuuliza, na tangu siku ile hakupanda mnazi tena hata mmoja. Alikufa baada ya mwaka na miezi, na neno hilo hatukupata kulisema.

Matangani kila mwanamke aliyenishika mkono alimlaani Iddi. Amekunywa kibuyu kizima njiani, wakasema, mlevi yule, mpole wa uwongo. Nami nikawaacha waseme. Nilikuwa nimefunikwa kanga, naitikia, "Ndiyo, shoga yangu, ndiyo."

Kesi ikasikizwa Kwale, kule mlimani. Nikaenda na Kadzo mapajani. Hakimu, Mzungu, akamwuliza Iddi kwa mkalimani amekunywa kiasi gani. Iddi akasema kata mbili. Za tembo gani? Akanyamaza. Askari akashuhudia kwamba alimkuta ananuka tembo kali na hawezi kusimama sawasawa. Ndipo nikaitwa mimi, nikaapishwa.

"Mama, ulimpa nini huyu?"

Nataka unielewe, sisemi unihurumie. Mtoto alikuwa amenishika kidole. Nikisema kweli, watu wa Diani watamchukua siku ileile, na nani angewalaumu? Mwanamke aliyemuua mama yake ndiye atakayemlea? Cha Mwanaima sikuwa nimebakiwa na kitu ila yule.

Nikasema: "Tembo tamu, bwana. Kata mbili, kama kanuni ilivyo."

Hakimu akamgeukia Iddi. "Umesikia. Shahidi huyu anasema kweli?"

Iddi alikuwa kizimbani, bandeji kichwani, anatazama sakafu. Mkalimani ikambidi amrudie swali. Akasema: "Mimi siwezi kumkanusha mavyaa wangu."

Ikaandikwa kwamba amekubali. Hakimu akasema kata mbili za tembo tamu hazimtoi mtu barabarani, kwa hiyo mshtakiwa alikunywa kwingine akaficha, na ni mlevi na tena ni mwongo. Miaka mitatu. Iddi alipopitishwa mbele yangu hakuinua macho. Nikadhani ni aibu ya kuniulia mtoto.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wangu nilimbeba mgongoni. Nilimlea Kadzo kwa maziwa ya mbuzi, nikalifunga banda, nikawa nasuka makuti na kuuza. Akaota meno, akatembea, akaanza kuniita "Bibi" kwa sauti ya mama yake, na kila aliponiita nilikuwa nafurahi na kuungua papo hapo.

Mwaka wa hamsini na sita Iddi akatoka. Alikuja kwangu mchana, majirani wote wanaona, amekonda, nywele zimenyolewa, kovu limepita kwenye nyusi. Akaketi kizingitini, akasema mbele ya watu, "Mama, nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya Mwanaima."

Nikamsamehe. Mimi! Nikanyoosha mkono wangu huu nikasema, "Nimekusamehe, mwanangu, na Mungu akusamehe." Wanawake wakalia kwa kwikwi. Pale ndipo nilipoanza kuwa mama mwenye moyo mweupe.

Leseni alikuwa amenyang'anywa, akawa kibarua wa shamba la minazi huko Diani. Lakini kila wiki alikuja kwangu kwa miguu. Alinichotea maji, akanilimia muhogo, na alipoona paa linavuja akaanza kuliezeka upya, safu moja leo, safu moja wiki ijayo. Hakunywa kitu kwangu, hata maji. Alikuja na chupa yake. Nilipomwambia kwamba akimtaka mtoto ni haki yake, nikiomba kimoyomoyo asimtake, alisema, "Amekuzoea, mama. Mimi nitangoja." Sikumwuliza anangoja nini.

Mwaka uliofuata likaitwa baraza jingine. Mudiri alikuwa mgeni, lakini shauri lilikuwa lilelile, malori yalikuwa yameongezeka na makaburi pia. Mwinga akasimama, sasa ana mvi mbili tatu, akasema yaleyale: hata tone. Watu wakaguna yaleyale. Mmoja akasema mzee wake alikunywa tembo miaka sabini na hakuanguka, na mwenziwe akamjibu kwamba mzee wake alikuwa anaendesha punda. Wakacheka.

Ndipo Iddi akasimama nyuma kabisa. Watu wakageuka. "Mimi nilikunywa kata mbili," akasema kwa sauti yake ile ya chini. "Kata mbili tu, nikamuua mke wangu. Naomba kanuni iwe hata tone."

Dereva mmoja kijana, Charo, akaruka juu. "Kata mbili! Bado anaziimba! Ulimaliza kibuyu, wewe, ukatia na cha jirani! Mudiri, kosa la mlevi mmoja tuadhibiwe sote? Kaa chini, bwana Kata Mbili!"

Watu wakaangua kicheko. Kilikuwa ni kile kicheko cha mwaka wa hamsini na mbili, kile nilichokitengeneza mimi. Iddi alikuwa amesimama katikati yake, mikono imening'inia, na mtoto Kadzo, aliyekuwa kando yangu, akaniuliza, "Bibi, kwa nini wanamcheka baba?"

Sijui nilisimamaje. Najua nilipiga kelele.

"Nyamazeni! Nyamazeni, wana wa haramu nyie! Hakusema uwongo huyu. Alikunywa kata mbili, nilimpa mimi, na hazikuwa tamu! Lilikuwa tembo la jana, nimelikoroga na sukari guru, kwa sababu niliona haya wageni wasinikute sina. Nikaenda Kwale nikaapa uwongo. Mwanangu nimemuua mimi. Mfungeni yeyote mnayemtaka, lakini huyu msimcheke!"

Kicheko kikakatika, hata nikasikia kuku wa Mudiri. Nikangoja wanirukie. Wallahi nilikuwa nawangoja, nimejifunga kibwebwe cha kanga kiunoni.

Mwanamke aliyekaa karibu nami akaanza kulia. Akasema, "Tazameni mama huyo. Mkwe amemuulia mtoto wa pekee, na bado anamkinga na aibu." Mwingine akasema, "Moyo huo Mungu hampi kila mtu." Ikaenda hivyo safu kwa safu, manong'ono, watu wanatikisa vichwa. Nikapiga kelele: "Nasema kweli, jamani!" Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kulia.

Mudiri akasema kwa upole, "Tumekuelewa, mama. Lakini wewe mwenyewe uliapa mbele ya hakimu, na mahakama imekwisha sema. Keti upumzike. Mungu atakulipa." Charo akaja akaninamia, akanibusu mkono, akaniomba radhi kwa kumcheka mtu wa nyumbani kwangu. Kisha wakapiga kura kwa kuinua mikono, na kanuni ikabaki kata mbili.

Walioniamini walikuwa wawili tu. Mwinga, aliyekuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. Na Iddi. Nilimtafuta kwa macho, nikamkuta ananitazama. Tangu aoe kwangu hakupata kunitazama usoni.

Asubuhi yake akaja. Ngazi ilikuwa bado imeegemea ukutani, makuti yamepangwa, zimebaki safu nne paa liishe. Hakuigusa ngazi. Alisimama uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nilijua," akasema. "Funda la kwanza nilijua. Mimi nimezaliwa minazini."

Lo! Kwa uchungu nikafanya nilichokizoea, nikafoka. "Ulijua, ukanywa? Kwa nini hukulimwaga? Kwa nini hukunitemea usoni? Ungenivunjia kata kichwani, Iddi, mwanangu angekuwa hai!"

"Ningekataa kwa neno gani, mama? Kanuni ilisema kata mbili ni ruhusa, na wewe ndiye uliyenipa. Ya pili nilitaka kuikataa. Nilitafuta neno, sikulipata." Akaupangusa uso kwa kiganja. "Nikajiambia nitaendesha polepole. Mimi nina kosa langu, sikutwishi wewe lote. Haya yangu na kiburi chako, vyote viwili vilipanda lori."

"Na Kwale? Mbona hukusema kule?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Kifungoni nilingoja. Nikaja kuezeka hapa, kila safu nikisema leo atasema. Nikajua ukisema nitakuwa nimekwisha kungoja."

"Basi nimesema."

"Umesema, mama. Ahsante." Akaitazama ngazi. "Nimekuja kumchukua mwanangu."

Sikubishana. Wewe unanijua, nimebishana na askari, na imamu, na muuza samaki kwa dagaa watatu. Niliingia ndani nikakunja magauni yake mawili na kanga ya Mwanaima, nikavifunga. Nikamsuka nywele upya, akalalamika kwamba namvuta. Nikamwambia anakwenda Diani kwa bibi yake ambaye ana jina lake. Akafurahi. Akauliza kama mimi nitakuja, nikasema Ijumaa.

Walipofika penye mlango wa ua, Kadzo akageuka. "Bibi, nina kiu."

Nikakimbilia mtungini. Nikachota maji kwa kata, ileile ya wageni, sikuwa na nyingine. Nikamletea, nikamnyooshea kwa mikono miwili, maana njia ni ndefu na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma.

Iddi akaidaka kata kabla haijamfikia mtoto. Hakugeuka upande. Alisimama mbele yangu, amenitazama usoni, akaipeleka mdomoni akaonja funda moja, akalikalisha kinywani, akameza. Akangoja kidogo.

Kisha akainama akampa. "Kunywa, mwanangu," akamwambia. "Ni maji."